Kikosi Kinachojifunza: Hotuba kwa Wazima Moto wa Nyika na Viongozi Wao

Mheshimiwa Mwenyekiti, wakuu wa vikosi, wasimamizi wa misitu na hifadhi, na ninyi ndugu wazima moto ambao baadhi yenu mmekuja hapa mkiwa bado mnanuka moshi:

Nimeombwa nizungumzie namna ya kujenga utamaduni wa kujifunza miongoni mwa watu wanaopambana na moto wa nyika na misitu. Nitazungumza zaidi na viongozi kuliko na walio chini yao, kwa sababu ninaamini kwamba kikosi hujifunza kwa kiasi kile kile ambacho kiongozi wake yuko tayari kusikia habari asizozipenda. Madarasa, vitabu vya mwongozo na semina vyote vina kazi yake, lakini vikikutana na kiongozi asiyependa kuambiwa, havifui dafu.

Wahenga walisema kufanya kosa si kosa, kosa ni kurudia kosa. Katika kazi nyingi usemi huu unatosha. Katika kazi yetu una upungufu, kwa sababu anayelirudia kosa mara nyingi si yule aliyelifanya mwanzo. Wa kwanza alikufa nalo, au alinusurika akanyamaza, au alihamishwa akaondoka na yale aliyoyaona. Na wa pili, pengine miaka arobaini baadaye, anaingia kwenye bonde lenye nyasi kavu na upepo unaogeuka bila kujua kwamba wapo waliokwisha kupita hapo. Aliyenusurika na moto hahitaji kukumbushwa na mtu. Kazi yetu ngumu ni kumfikishia habari yule ambaye hakuwepo.

Nianze na bonde la Mann Gulch, katika jimbo la Montana nchini Marekani, tarehe 5 Agosti 1949. Alasiri ile wazima moto 15 walishuka kwa parachuti kwenda kuukabili moto ulioonekana wa kawaida, na mwenzao mmoja aliyekuwa akifanya kazi ya ulinzi wa msitu katika eneo lile akajiunga nao. Redio yao ilivunjika kwa sababu parachuti lake halikufunguka. Kiongozi wao, Wagner Dodge, aliwaongoza kushuka kuelekea mto Missouri, akikusudia wawe na maji karibu yao. Lakini moto ukaruka hadi upande wao wa bonde, ukawaziba njia ya mtoni, ukaanza kupanda mteremko wa nyasi kavu kwa kasi ambayo mtu hawezi kuishinda kwa miguu. Dodge aliwageuza warudi juu. Baada ya muda mfupi akawaamuru watupe zana nzito. Kisha akafanya jambo ambalo hakuna aliyewahi kuwafundisha: akawasha kiberiti, akazichoma nyasi zilizokuwa mbele yake, akaingia katika eneo lililoungua na kuwaita wenzake waingie pamoja naye. Waliokuwa nyuma yake walimwona kiongozi anawasha moto mwingine wakati moto wa kwanza uko mgongoni mwao, wakampita mbio. Watu 13 walikufa. Dodge alilala kifudifudi kwenye jivu akanusurika, na vijana wengine wawili waliokoka kwa kupenya kwenye mwanya wa miamba karibu na kilele.

Yamesemwa mengi kuhusu kiberiti kile. Mimi nawaomba mtazame yaliyokuwepo kabla hakijawashwa. Kikosi kile kilipangwa kwa zamu ya majina, kama ilivyokuwa desturi ya wakati ule, na watu wake hawakuwa wamefanya kazi pamoja kwa muda mrefu chini ya kiongozi yule. Mtaalamu wa mambo ya taasisi, Karl Weick, aliandika makala mwaka 1993 kuhusu mkasa huo, akieleza kwamba kilichovunjika pale ni uwezo wa watu wale kuelewa kwa pamoja kinachotokea, na kwamba kikosi kilikoma kuwa kikosi kabla moto haujawafikia. Dodge alikuwa na wazo la kuwaokoa na alikuwa na sauti ya kulitamka, lakini wazo linalotamkwa kwa mara ya kwanza mbele ya ukuta wa moto halina mtu wa kulipokea. Laiti wangekuwa na mazoea ya kuulizana jioni baada ya kila moto, kiongozi akieleza anavyofikiri na wao wakimpinga pale wanapoona vinginevyo, pengine wawili au watatu wangegeuka. Siwezi kuthibitisha hilo. Ninachoweza kusema ni kwamba dakika ya hatari haina nafasi ya kujenga imani ambayo haikujengwa mapema.

Baada ya Mann Gulch, na baada ya mioto mingine iliyoua, ukiwemo ule wa Inaja huko California mwaka 1956 ulioua watu 11, Idara ya Misitu ya Marekani iliunda jopo la kupitia matukio hayo, na mwaka 1957 zikatoka amri kumi za kudumu za wazima moto. Baadaye ikaongezwa orodha ya hali za hatari ambayo hatimaye ilifika 18. Mwaka 1990 wazima moto sita walikufa katika moto ulioitwa Dude, huko Arizona, na Paul Gleason, kiongozi wa kikosi aliyekuwepo siku hiyo, akaja mwaka uliofuata na muhtasari wa mambo manne: walinzi wa kuutazama moto, mawasiliano, njia za kutorokea, na maeneo ya usalama. Huo nausifu bila kusita. Mtu aliyechoka, mwenye macho yanayotoka machozi kwa moshi, anaweza kukumbuka mambo manne. Ishirini na nane ni kazi ya mtu aliyeketi ofisini.

Sizidharau orodha hizo, kwa kuwa nyuma ya kila mstari kuna kaburi. Lakini kanuni inayobandikwa ukutani ina tabia mbili. Kabla ya ajali hugeuka pambo ambalo watu hulipita kila siku bila kuliona. Baada ya ajali hugeuka hati ya mashtaka. Tuliyaona hayo baada ya tarehe 6 Julai 1994, wazima moto 14 walipokufa katika moto wa South Canyon, kwenye mlima Storm King huko Colorado. Ripoti ya uchunguzi ilizipitia orodha na kuonesha kwamba amri 8 kati ya zile 10 hazikuzingatiwa ipasavyo, na kwamba hali 12 kati ya zile 18 za hatari hazikutambuliwa au hazikuchukuliwa hatua ya kufaa.

Hesabu hiyo inaweza kuwa sahihi kabisa na bado isitufundishe kitu. Inatuambia kilichokiukwa bila kutueleza kwa nini watu wenye akili timamu, wenye uzoefu na waliopenda kurudi nyumbani kama sisi, waliona kwamba wanachokifanya saa ile kinafaa. Majibu ya swali hilo yamo katika mambo mengine ambayo hayahesabiki kirahisi. Onyo la upepo mkali lilikuwa limetolewa na watu wa hali ya hewa, lakini halikuwafikia waliokuwa mlimani. Baadhi ya wazima moto walikuwa na mashaka juu ya kukata njia ya kuzuia moto huku wakishuka mteremko wenye vichaka vizito kuelekea ulipo moto. Mashaka hayo yalizungumzwa na baadhi yao, yakabaki kichwani kwa wengine, na kazi ikaendelea. Habari ilikuwepo, na mashaka yalikuwepo. Kilichokosekana ni njia ya kuvifikisha kwa mtu wa kuamua, na mtu wa kuamua ambaye angesimama na kusikiliza.

Kutokana na mkasa ule serikali ya Marekani iliagiza utafiti mkubwa kuhusu usalama wa wazima moto wa nyika, na moja ya matunda yake ni kituo cha taifa cha kukusanya na kusambaza mafunzo yatokanayo na matukio ya moto, kilichoanza kazi mwaka 2002. Wazo lake lilikuwa jema na limezaa mengi. Lakini wakati huo huo upepo mwingine ulianza kuvuma kutoka upande wa pili.

Mwaka 2001 wazima moto wanne walikufa katika moto wa Thirtymile, jimboni Washington. Mwaka uliofuata Bunge la Marekani lilipitisha sheria inayomtaka mkaguzi mkuu wa Wizara ya Kilimo kufanya uchunguzi wake mwenyewe kila mtumishi wa Idara ya Misitu anapokufa kwa kuzingirwa na moto. Mwaka 2006 aliyekuwa kiongozi wa operesheni ile akafunguliwa mashtaka ya jinai ya kusababisha vifo bila kukusudia. Kesi iliishia mwaka 2008 kwa yeye kukiri makosa madogo ya kutoa taarifa zisizo za kweli. Naelewa kabisa uchungu wa familia zilizodai hatua ichukuliwe, na sitasimama hapa kuwaambia wazazi waliozika watoto kwamba hawana haki ya kuuliza nani aliamua nini. Hata hivyo ni lazima tuseme pia kilichofuata upande wetu. Viongozi wa vikosi walianza kununua bima ya dhima, wengine wakafikiria upya kama wakubali nafasi za uongozi, na ushauri uliokuwa ukinong'onwa kambini ukawa mmoja: ajali ikitokea, usiseme kitu mpaka uwe na wakili. Mtu anayefuata ushauri huo hana kosa, maana anailinda familia yake. Lakini maneno aliyoyameza ndiyo yale ambayo mwenzake wa msimu ujao angeyahitaji.

Hapa ndipo baadhi ya wasikilizaji wangu hudhani natetea uzembe. La hasha. Aliyeendesha boza akiwa amelewa, aliyeghushi kumbukumbu za mafunzo, aliyejua kwamba kifaa ni kibovu akakigawa kwa makusudi, hao wana njia yao na sipendi wafichwe nyuma ya neno kujifunza. Ninaowazungumzia ni wengine, na ndio walio wengi: aliyesoma upepo vibaya, aliyesahau kwa uchovu, aliyechukua njia ya mkato ambayo kikosi kizima, pamoja na kiongozi, kilikuwa kikiichukua kila wiki bila mtu kulalamika. Kumwadhibu huyu wa mwisho kwa sababu safari hii tu mambo yaliharibika ni kuiadhibu bahati mbaya. Tena mpaka kati ya makundi haya mawili unapaswa kuchorwa kabla ya msimu kuanza, kwa maandishi na mbele ya watu wote, kwa kuwa mpaka unaochorwa baada ya ajali huchorwa na hasira.

Sasa nije kwenye jambo dogo ambalo kwa maoni yangu lina uzito kuliko ripoti zote: mazungumzo ya jioni baada ya kazi. Utaratibu wake ulianzia katika jeshi la Marekani miaka ya 1970, na vikosi vya zimamoto vikauazima. Una maswali manne. Tulipanga nini? Nini kilitokea? Kwa nini kulikuwa na tofauti? Safari ijayo tubakize nini na tubadilishe nini? Hauhitaji fedha, hauhitaji chumba, na hauzidi nusu saa. Ndiyo maana inashangaza kuona jinsi tunavyouua.

Tazameni unavyokufa. Jua limezama, gari limeegeshwa, watu wamekaa juu ya mabegi na madumu, wengine wamekwisha kuvua buti. Kiongozi amesimama, mkono mmoja umeshika redio. Anasema, "Kazi nzuri leo, moto tumeudhibiti, hakuna aliyeumia. Kuna mwenye la kuongeza?" Kimya. "Basi, saa kumi na moja asubuhi tuwe tayari." Watu wanatawanyika, na kwenye daftari kunaandikwa kwamba tathmini imefanyika. Lakini mle ndani ya kile kimya alikuwamo kijana wa chenso aliyeona mti mkavu umeoza shina na kuinama juu ya njia ambayo wenzake wawili walikuwa wakiipita, akawapigia kelele kwa sababu tu alikuwa ameinua kichwa kufuta jasho. Alikuwamo dereva wa boza aliyeita kwenye redio mara tatu bila kujibiwa. Alikuwamo mlinzi wa kilimani aliyeona moshi unabadilika kutoka mweupe kuwa mweusi, akasubiri dakika kadhaa kabla ya kusema, kwa sababu mara ya mwisho alipotoa tahadhari aliambiwa ni mwoga. Kila mmoja wao alikwenda kulala na somo lake.

Kuna mambo machache yanayoweza kuufufua mkutano ule. La kwanza ni mpangilio wa kusema: aanze mwenye muda mfupi zaidi kazini, amalizie kiongozi. Tukianza na kiongozi, wote watakaofuata watatafuta namna ya kukubaliana naye, na hilo si unafiki, ni adabu tuliyolelewa nayo. La pili ni kwamba maswali yawe ya kitu kilichoonekana badala ya maoni ya jumla. Ukiuliza kama kuna mwenye la kuongeza, utapata kimya, ukiuliza, "Saa nane upepo ulipogeuka, wewe ulikuwa umesimama wapi na uliona nini?" utapata jibu, kwa sababu kila mtu alikuwa mahali fulani na kila mtu aliona kitu. La tatu ni gumu zaidi: kiongozi ataje uamuzi wake mmoja wa siku ile ambao angeubadilisha, na ataje kwa undani, si kwa maneno ya jumla ya kujishusha. Asipofanya hivyo, anawaambia wote kwamba makosa ni mali ya wadogo.

Tumezoea kuambiana kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Kwenye moto mambo huweza kwenda kinyume: mkuu ndiye asiyesikia la mdogo, na guu linalovunjika ni la mdogo. Anayeuona moto kwa karibu, anayejua kwamba pampu inakohoa au kwamba njia ya kutorokea imezibwa na mti ulioanguka, kwa kawaida ni mtu wa chini kabisa kwenye safu. Kiongozi yuko mbali kidogo, ana ramani, ana redio mbili zinazozungumza kwa pamoja. Taasisi zinazofanya kazi za hatari kubwa na bado zikawa na ajali chache zina tabia hii, kwamba uamuzi huteremka kwa anayejua zaidi saa ile, hata kama cheo chake ni kidogo. Halafu cheo hurudi mahali pake kazi ikiisha, na hakuna anayevunjiwa heshima.

Kwa hiyo nawaomba viongozi mjichunguze katika sekunde chache za kwanza baada ya kuletewa habari mbaya. Kijana anakuja anasema, "Mkuu, nimeliingiza gari mtaroni," au "Mkuu, naona hatuna njia ya kutoka hapa." Uso wako unafanya nini? Kikosi kizima kinautazama. Ukikunja ndita au ukauliza ni nani aliyekutuma, umetoa sheria mpya ambayo itaheshimiwa kuliko amri zote kumi. Ukisema, "Asante, hebu nioneshe," umetoa sheria nyingine. Haya hayafundishwi kwa vipeperushi.

Liko pia suala la kukataa kazi. Mwongozo wa mfukoni wanaobeba wazima moto wa Marekani unatambua haki ya mtu au kikosi kukataa kazi wanayoiona ni ya hatari kupita kiasi, mradi aseme moja kwa moja kwa kiongozi wake, aeleze sababu, na apendekeze njia nyingine. Na una kipengele ambacho natamani kila mmoja hapa akichukue: kazi iliyokataliwa ikipewa kikosi kingine, kikosi hicho ni lazima kiambiwe kwamba ilikataliwa, na kwa nini. Bila kipengele hicho, kukataa kwa mwenye busara humsukumia hatari mgeni aliyefika mchana na hajui chochote. Pamoja nacho, kukataa kunakuwa taarifa ya kiufundi kama taarifa ya upepo.

Nimesema kuhusu siku mbaya. Niseme kuhusu siku nzuri, kwa sababu hizo ndizo zinazotudanganya zaidi. Kikosi kinaposhuka kwenye korongo bila mlinzi na kurudi salama, kinachobaki kichwani si kwamba tulibahatika, bali kwamba inawezekana. Mara ya pili inakuwa rahisi, mara ya kumi inakuwa ndiyo namna tunavyofanya kazi. Moto haukutupa cheti cha ustadi. Ulikuwa na shughuli nyingine siku hiyo. Kiongozi anayejenga kujifunza huuliza baada ya ushindi maswali yale yale ambayo angeuliza baada ya ajali, na huyathamini matukio ya nusura, yaani yale ambayo ajali ilikaribia kutokea lakini haikutokea, kwa sababu mashahidi wote bado wako hai na kumbukumbu zao hazijachafuliwa na majonzi wala mawakili.

Uzito wa jambo hilo unaonekana katika moto wa Yarnell Hill, huko Arizona, tarehe 30 Juni 2013. Wazima moto 19 wa kikosi kimoja walikufa pamoja. Wa ishirini wao alinusurika kwa kuwa alikuwa mlinzi mahali pengine. Walikuwa kwenye eneo lililokwisha kuungua, mahali salama, wakaondoka kuvuka vichaka, na kuna kipindi cha zaidi ya nusu saa ambacho wachunguzi hawakupata mawasiliano ya kueleza walichokusudia. Ripoti ya kwanza, mwezi Septemba, haikuona uzembe wala ukiukaji wa taratibu. Mwezi Desemba mamlaka ya usalama kazini ya jimbo hilo ilipendekeza idara ya misitu ya jimbo itozwe faini ya dola 559,000. Siku moja, mlima mmoja, hitimisho mbili. Wale ambao wangeweza kueleza walifikiri nini hawapo, na hakuna uchunguzi wa ustadi wowote utakaojaza nusu saa ile. Ndiyo maana nasisitiza tuwaulize walio hai, leo jioni, kwa nini waliondoka pale walipokuwa salama.

Tena tusidhani kwamba moto wenyewe ndio muuaji wa pekee. Magari, ndege, mioyo iliyozidiwa na miti inayoanguka huua wazima moto wengi, na hayo hayana mvuto wa kuandikiwa vitabu. Mwaka 2008, kaskazini mwa California, kijana wa miaka 18 aliumizwa vibaya na mti uliokuwa ukikatwa, na msaada ukachelewa mno kumfikisha hospitali, akafa. Somo lililotokana na kifo hicho halikuandikwa kama amri ya kumi na moja. Liliandikwa kama maswali matatu ya kujibiwa kabla ya kazi kuanza: Mtu akiumia tutafanya nini? Tutamtoaje hapa? Itachukua muda gani kumfikisha hospitali? Amri unaweza kuikariri ukiwa umelala. Swali la muda gani linakulazimisha kutazama kilima kilicho mbele yako, kuhesabu watu wa kubeba machela na kuuliza kama helikopta inaweza kutua kabla ya giza. Na jibu likiwa baya, kiongozi anaweza kuamua kwamba mti ule haukatwi leo. Ningekuwa na uwezo, kanuni nyingi zilizo ukutani ningezigeuza maswali ya namna hiyo.

Zipo njia nyingine nzuri ambazo nitazitaja kwa haraka, maana nyingi mnazijua. Vikosi hupelekwa Storm King na Mann Gulch kupanda miteremko ile kwa miguu, wakisimama mahali walipokuwa wenzao na kuulizwa wangeamua nini kwa taarifa zile zile tu walizokuwa nazo, bila kuruhusiwa kutumia wanachokijua baadaye. Mlima usipofikika, meza ya mchanga yenye vilima vya kuchonga kwa mkono inatosha. Kila mwaka kuanzia tarehe 30 Juni hadi tarehe 6 Julai wazima moto wa nyika nchini Marekani hutenga wiki ya kuwakumbuka waliokufa, na kila siku ya wiki hiyo hujadili tukio moja. Nachelea tu kwamba ukumbusho bila mjadala huwa ibada, na ibada haiulizi maswali.

La mwisho ni la wale wanaokuja na kuondoka. Vikosi vyetu vimejaa watu wa msimu na wa kujitolea. Huko Linton, katika jimbo la Victoria nchini Australia, tarehe 2 Desemba 1998, wazima moto watano wa kujitolea walikufa ndani ya gari lao upepo ulipogeuka, wakati tangi lilikuwa limebaki na maji kidogo mno kujikinga nayo. Baada ya hapo jimbo hilo liliweka mafunzo ya lazima kwa wanaojitolea kabla ya kwenda motoni, na desturi ya kutolimaliza tangi: maji ya akiba hubaki kwa ajili ya kuwalinda waliomo garini, hata kama moto ulio mbele unaonekana unakaribia kuzimika. Leo kijana anayeingia kikosini huambiwa kwamba maji haya hayaguswi. Nimekuwa nikijiuliza ni wangapi huelezwa kwa nini. Asiyejua sababu atayagusa siku atakapoona nyumba ya mtu inaungua mbele yake, na atafanya hivyo kwa moyo mwema. Sababu ni lazima iambatane na desturi, isimuliwe na mtu anayeijua, kila msimu, kwa kila anayeingia.

Kwa hayo, Mheshimiwa Mwenyekiti, ninaomba mkutano huu ukubaliane juu ya mambo yafuatayo kabla msimu haujaanza. Kila mkuu wa kikosi aandike na kutia saini ukurasa mmoja unaoeleza makosa gani yakiripotiwa hayataadhibiwa na yapi yataadhibiwa, na ausome mwenyewe mbele ya watu wake. Wachunguzi wa matukio yasiyo na harufu ya jinai wasiwe wale wale wanaopendekeza adhabu. Tathmini ya jioni ifanyike hata siku ambayo moto ulizimwa kabla ya chakula cha mchana, na mdogo aanze kusema. Ripoti za kujifunza zisizidi kurasa mbili, maana zile za kurasa mia mbili, niwe mkweli, husomwa na walioziandika. Na kila taarifa ya tukio la nusura ijibiwe ndani ya siku saba, jibu likieleza ni nini kimebadilishwa, au kwa nini hakuna kilichobadilishwa. Jibu hilo apewe aliyeleta taarifa, na nakala ibandikwe pale watu wanapochukulia zana, ili waliokuwa zamu nyingine waisome kabla hawajapanda gari.

Asanteni kwa kunisikiliza. Niko tayari kwa maswali, na ningependa tuanze na walio nyuma ya ukumbi.